KIJANA, BIBLIA UNAIANZIA WAPI?



Usiitupe karatasi hii. Najua nyingi kama hizi zinaishia kufungia karanga pale stendi ya Makambako. Hii nayo ukimaliza kuisoma fungia karanga, mimi sitakukasirikia. Lakini isome kwanza. Haikuandikwa kwa ajili ya watu wa kanisani, wale wana viti vyao mbele. Imeandikwa kwa ajili yako wewe uliyesimama nyuma kabisa ya uwanja na bodaboda yako, umekuja kusikiliza muziki tu. Wewe dada unayeuza chai na maandazi kwa abiria wa usiku. Wewe kaka unayepasua mbao. Wewe mwanafunzi wa sekondari ambaye nyumbani kwenu ipo Biblia ya bibi juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na haijafunguliwa tangu msiba uliopita.

Vijana wengi hunifuata baada ya mkutano na swali moja. Hawaniulizi habari za mbinguni wala za jehanamu. Wananiuliza: "Mwinjilisti, Biblia nimepata. Sasa naisomaje?" Swali hilo ni zuri kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, na leo nataka nilijibu taratibu. Mimi elimu yangu ni darasa la saba pamoja na kozi ya Biblia, kwa hiyo usiogope, hapa hutakutana na maneno ya maprofesa.

WENGI WANAKWAMIA WALAWI

Mtu akipewa kitabu hufungua ukurasa wa kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Basi kijana anaanza na Mwanzo, anasoma habari za Adamu, Nuhu, Ibrahimu, na Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake. Tamu kweli! Anaingia Kutoka, anamkuta Musa na Farao na bahari. Bado tamu. Halafu kufika sura ya 25 mambo yanabadilika: vipimo vya hema, mbao ngapi, vitanzi vingapi, vikuku vingapi. Anajikaza. Anaingia Walawi, anakuta sadaka, mafuta ya figo, ukoma, na ukungu kwenye ukuta wa nyumba. Hapo anaifunga. Ukimuuliza anakwambia, "Biblia ngumu bwana, hiyo ni ya wachungaji."

Sivyo, ndugu yangu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa Biblia si kitabu kimoja. Ni kabati la vitabu. Hii tunayotumia sisi ina vitabu 66: Agano la Kale 39 na Agano Jipya 27. Rafiki yako Mkatoliki akikuonyesha yake yenye 73, usishtuke wala usianze ugomvi, wao wana vitabu vya ziada kama Tobiti na Makabayo katika Agano la Kale. Vitabu hivi viliandikwa na watu wengi kwa muda wa mamia ya miaka. Sehemu kubwa ya Agano la Kale ni Kiebrania, kuna sehemu chache za Kiaramu, na Agano Jipya ni Kigiriki. Ndani yake kuna sheria, kuna historia za wafalme, kuna mashairi, kuna methali, kuna barua. Barua ya Paulo kwa Filemoni ni ukurasa mmoja tu, inahusu mtumwa aliyekimbia. Sasa shairi halisomwi kama risiti ya mbolea. Na barua huwezi kuielewa kama hujui ilitumwa kwa nani.

Kwa hiyo mtu mgeni asianze na ukurasa wa kwanza. Ni kama kuingia nyumba ya watu kwa kupitia dirishani wakati mlango upo wazi.

MLANGO NI MARKO

Kwenye Agano Jipya kuna vitabu vinne vinavyosimulia maisha ya Yesu: Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Mimi nakushauri uanze na Marko. Mathayo anaanza na orodha ndefu ya mababu, na mgeni anaweza kuchoka kabla hata mtoto hajazaliwa. Marko hana mambo hayo. Anaingia moja kwa moja kwenye kazi. Utaona neno "mara" linarudi-rudi: mara akafanya hivi, mara wakaenda kule. Ni kama kijana anayekusimulia jambo aliloliona sokoni, hana muda wa kuvuta pumzi.

Tena ni kifupi. Sura 16 tu. Mtu anayesoma taratibu anamaliza kwa saa moja na nusu, au mbili akiwa anasimama kufikiri. Ukipanda gari Njombe mjini, kilomita kama 60 hadi Makambako, kisha ukangoja pale gari la Mbeya au la Iringa, Marko wote umekwisha. Umekaa bure saa ngapi maishani ukingojea magari?

Nasisitiza hili la kusoma chote. Usisome kama kuku anayedonoa. Kisome kama unavyosikiliza hadithi kwa babu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata kama kuna maneno hukuyaelewa. Yaruke, endelea. Siku ya pili rudi usome sura moja moja ukiwa na daftari na kalamu. Andika Yesu alifanya nini, nani alifurahi, nani alikasirika. (Utashangaa! Waliokasirika wengi ni watu wa dini.) Halafu andika usichokielewa. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, usiione aibu.

Kijana wa Njombe ana faida yake. Fika sura ya 4, pale Yesu anaposimulia habari ya mpanzi. Mbegu nyingine zimeangukia njiani, nyingine penye mwamba, nyingine kwenye miiba, nyingine kwenye udongo mzuri. Wewe uliyepanda viazi na mahindi huhitaji kuelezwa tofauti ya udongo! Mtu wa ghorofani Ulaya inabidi asomee hilo. Na Yesu mwenyewe anafafanua maana yake, kuanzia mstari wa 13. Zile za penye mwamba zinaota haraka na jua likiwaka zinakauka. Hao tunawajua. Jumapili ameokoka kwa machozi mbele ya jukwaa, Jumatano yupo kwenye ulanzi.

Sura ya 5 uisome kwa utulivu. Pale kuna mama aliyetokwa damu miaka 12, na kuna binti wa Yairo mwenye umri wa miaka 12. Yaani mama alianza kuugua mwaka ule ule binti alipozaliwa. Mmoja ni maskini aliyekwisha mali yote kwa waganga, mwingine ni mtoto wa mkubwa wa sinagogi, na Yesu anasimama njiani kwa ajili ya yule maskini huku mkubwa akingoja. Kisha akamfufua binti, na unajua alisema nini baada ya hapo? Hakuitisha sadaka. Alisema mtoto apewe chakula.

Na sura ya 8 yupo kipofu wa Bethsaida. Yesu anamgusa mara ya kwanza, jamaa anaona watu kama miti inatembea. Anaguswa mara ya pili, anaona vizuri. Nakutajia huyu kwa sababu na wewe siku za kwanza utaona miti inatembea. Usikate tamaa, usiseme, "Mimi sina kichwa." Soma tena.

Kabla ya kusoma, omba. Kama hujawahi kuomba, usihangaike na maneno mazuri. Sema tu hivi: "Mungu, mimi sikujui vizuri. Nataka kusoma habari za Yesu. Nisaidie nielewe, na kama mambo haya ni kweli, nionyeshe." Hiyo ni sala kamili. Katika Marko 9:24 kuna baba mmoja aliyemwambia Yesu kwamba anaamini na papo hapo akaomba asaidiwe pale imani yake ilipopungua, na Yesu hakumfukuza.

MSTARI MMOJA UNAWEZA KUKUUA

Sasa nisikilize vizuri hapa.

Umepita barabarani, umesikia mtu anaongea na simu anasema, "Nitamchinja kesho asubuhi." Utakimbilia polisi? Ungesikia maneno ya kabla yake ungejua anazungumzia kuku wa wageni. Ndivyo ilivyo kwa mstari mmoja wa Biblia ulionyofolewa ukawekwa peke yake. Walioandika vitabu hivi hawakuweka namba zozote. Sura hizi tulizozizoea zinatokana na kazi ya Stephen Langton wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Zinatusaidia kutafuta mahali, basi. Paulo alipoandika barua alitaka isomwe yote, kama wewe unavyotaka barua yako isomwe.

Na ujue kwamba shetani naye anaijua mistari. Soma Mathayo sura ya 4. Alimpandisha Yesu juu ya hekalu akamwambia ajitupe chini, na akamtajia maneno ya Zaburi ya 91 kwamba malaika watamdaka. Mstari ulikuwa wa kweli, upo kwenye Zaburi mpaka leo! Yesu akamjibu kwa maandiko mengine na akakataa kuruka. Kama Yesu alijibiwa kwa mstari na akaupima, wewe ni nani usipime?

Mwaka 2023 jirani zetu Kenya walifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Walikuwemo akina mama na watoto wadogo. Walifuata mafundisho ya mhubiri kwamba wafunge wasile mpaka wafe, ili wakakutane na Yesu. Watu wale walikuwa na Biblia. Walizibeba mpaka msituni. Lakini kazi ya kuzisoma walikuwa wamemwachia mtu mmoja. Mtu aliyewahi kukaa na Marko sura ya 5 angeuliza: mbona Yesu aliagiza mtoto alishwe, na wewe unaagiza mtoto anyimwe?

Hapa kwetu lipo la karibu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba Njombe watu wazima asilimia 12.7 wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kikubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania. Kwa hiyo katika uwanja wowote wa mkutano, wapo vijana wanaomeza dozi kila siku. Halafu anatokea mtu na kipaza sauti, anasema ukimeza vidonge huna imani, anamtaja yule mama wa Marko 5 aliyeteswa na waganga, na anawaambia watu watupe dawa. Kijana anafika nyumbani anatupa. Miezi inapita, nguvu zinaisha. Aliyemhubiria yupo mkoa mwingine.

Mimi naamini Yesu anaponya. Nimesema naamini, na mkutanoni tunawaombea wagonjwa bila kuona aibu. Lakini fungua Marko 1, kuanzia mstari wa 40. Mwenye ukoma ametakaswa kwa kuguswa na mkono wa Yesu mwenyewe. Amepona kabisa. Na Yesu anamwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani na atoe sadaka aliyoiagiza Musa. Kwa nini kwa kuhani? Hapo sasa ndipo Walawi iliyokuchosha inaanza kuwa na faida! Walawi 13 na 14 zinaeleza kwamba kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kutamka kwamba mtu ni mzima au bado. Yaani Yesu alimponya mtu, kisha akamtuma akapimwe. Hakumwambia, "Kupimwa ni kukosa imani." Luka, aliyeandika Injili, Paulo anamtaja kuwa tabibu katika Wakolosai 4:14. Na Timotheo aliyekuwa anasumbuliwa na tumbo, Paulo hakumwambia aongeze kelele katika maombi, alimpa ushauri wa kitu cha kutumia, soma 1 Timotheo 5:23.

Basi, dada yangu, kaka yangu, ukiombewa nenda kliniki ukapime, na dozi usiiache kwa neno la mhubiri yeyote, awe mimi au mwingine. Na ukiambiwa kipimo kinaonyesha virusi havionekani kwenye damu, maana yake ni kwamba dawa zinafanya kazi. Ukiziacha vinarudi. Mwulize daktari, atakwambia hivyo hivyo.

Umeona sasa? Sura moja tu ya kwanza ya Marko, ukiwa umeisoma mwenyewe, ingetosha kukulinda.

BIBLIA IPI, NA MANENO MAGUMU

Biblia ya bibi yako huenda ni ile ya Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952. Ndiyo tunayoitumia wengi mimbarani. Kiswahili chake ni kitamu lakini kina maneno ambayo kijana wa leo hayajui. Ipo nyingine, Habari Njema, ya miaka ya 1990, ambayo Kiswahili chake ni rahisi zaidi. Kwa mgeni naona Habari Njema inafaa kuanzia. Wazee wengine watakuambia hiyo siyo Biblia. Wasalimie kwa heshima, endelea kusoma. Mimi hutumia zote mbili, penye giza katika moja naangalia nyingine.

Usidhani Kiswahili hicho kilishuka tu kutoka juu. Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo alizikwa mke wake na mtoto wao mchanga. Akaanza kutafsiri Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Wengi hawalijui hilo. Kule Unguja Askofu Edward Steere na wenzake wakaendelea, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikapatikana mwaka 1891. Mwaka huo huo wamisionari wa Berlin wakawa wanaingia Nyanda za Juu Kusini. Hao ndio baadaye walijenga Kidugala, Lupembe na Ilembula, ambako babu zetu wengi walijifunzia kusoma. Tangu mwaka 2003 kuna kazi nyingine pale Mbeya, ya shirika la SIL, ya kutafsiri kwa lugha za huku, zikiwemo Kibena, Kikinga na Kivwanji. Bibi yako ambaye Kiswahili kinampiga chenga, msomee kwa lugha yake uone anavyokaa kimya.

Maneno yatakayokusumbua mwanzoni ni machache. Mtoza ushuru si kama yule wa sokoni kwetu. Alikuwa Myahudi anayewakusanyia Warumi kodi, na wengi waliongeza cha juu, ndiyo maana watu waliwachukia. Torati ni sheria ya Musa. Mafarisayo walikuwa watu wa dini walioshika sheria kwa ukali. Mataifa ni watu wote wasio Wayahudi, yaani mimi na wewe. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Kutubu ni kugeuka, kama gari lililokuwa linaenda Songea likageuza kuelekea Makambako. Kulia peke yake si kutubu.

Kama huna hela ya Biblia, siku hizi ipo kwenye simu, bure, na nyingine unasikiliza kwa sauti. Ni nzuri ukiwa unapanga mbao au unachambua viazi. Shida ya simu ni moja: umefika pale Yesu anapotuliza dhoruba, meseji inaingia, na wewe unaondoka na meseji. Zima bando kwanza.

MSAFIRI ALIYEULIZA

Katika Matendo sura ya 8 yupo Mwafrika mmoja. Biblia inamwita Mwethiopia, ila nchi yake ilikuwa Kushi, upande wa Sudan ya leo. Alikuwa mtu mkubwa, mtunza hazina ya malkia. Alikuwa safarini, yupo kwenye gari la farasi katika barabara ya kwenda Gaza, anasoma kitabu cha Isaya kwa sauti, kama watu wa zamani walivyosoma. Filipo akakimbia akalikaribia gari, akamuuliza kama anaelewa. Yule mkubwa hakujifanya. Akajibu kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza, akamkaribisha Filipo ndani ya gari.

Mimi napenda sana habari hii kwa sababu sisi ni watu wa barabarani. Makambako ni njia panda, malori ya Zambia yanapita, treni ya TAZARA inapita, mabasi ya Songea yanakata kona pale. Na uangalie vizuri: aliyeuliza swali la maana ni yule msomaji. Alitaka kujua nabii anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine. Filipo akaanzia pale pale alipokuwa anasoma. Hakumwambia afunge kitabu amsikilize yeye.

Basi tafuta Filipo wako. Anaweza kuwa mchungaji, anaweza kuwa mama wa jirani asiyejulikana na mtu. Mpime hivi: ukimuuliza swali, anafungua Biblia na wewe, au anakukaripia? Anayekaripia swali mwache. Watu wa Beroya katika Matendo 17:11 walisikiliza mahubiri ya Paulo mwenyewe, mtume, kisha wakaenda kuyachunguza maandiko kila siku waone kama ni kweli, na Biblia inawasifu kwa hilo. Kama Paulo alichunguzwa, mwinjilisti wa darasa la saba je? Nichunguze!

VITABU VINAVYOIELEZA BIBLIA

Vipo, na vizuri. Kamusi ya Biblia inakueleza watu, miji na vyakula. Itifaki inakuonyesha neno fulani limetajwa wapi na wapi. Vitabu vya ufafanuzi vinakwenda sura kwa sura. Vingi vimechapwa Dodoma na Central Tanganyika Press, na utavikuta pia kwenye maduka ya Soma Biblia. Azima kwanza kabla ya kununua, mchungaji mwenye kabati la vitabu hufurahi akiombwa. Ila rudisha!

Wapo pia watu wanaojifunza kwa hadithi. Kitafute Safari ya Msafiri cha John Bunyan. Kilitoka Uingereza mwaka 1678. Huyo Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria, shule kidogo tu, akafungwa gerezani miaka mingi kwa kuhubiri bila kibali. Kitabu chake kimetafsiriwa kwa lugha nyingi mno, Kiswahili kikiwemo.

Lakini kuwa mwangalifu. Kuna vitabu vyenye picha kubwa ya mwandishi mwenyewe mbele, amevaa suti, na ndani anaahidi hatua saba za kupata gari. Mimi sivitaji majina. Soma ukurasa wa tatu uone: anakupeleka Marko, au anakupeleka kwenye akaunti yake? Na zile Biblia zenye maelezo chini ya mstari, maelezo yale yameandikwa na mtu, yanaweza kusaidia na yanaweza kukosea. Hata karatasi hii ni hivyo hivyo. Soma Marko kwanza, vitabu baadaye. Wapo watu wanajua vitabu kumi vya nyakati za mwisho na hawajawahi kumaliza Injili hata moja.

UKIFIKA SURA YA 16

Mwisho wa Marko utakuta jambo la kukushangaza, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa mtu wa kukucheka. Katika Biblia nyingi za sasa, mistari ya 9 hadi 20 imewekewa mabano au maelezo madogo, kwamba nakala za zamani sana hazina mistari hiyo. Ni kweli, nakala mbili za zamani zinazoheshimiwa zinaishia mstari wa 8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini kwa hofu. Wachapaji hawakuficha, na wewe usifiche. Sisi Wapentekoste tunaipenda sana mistari ile ya mwisho, inataja lugha mpya na kuweka mikono juu ya wagonjwa. Inataja na nyoka. Kama mtu akikuambia ushike nyoka ili kuonyesha imani, mkumbushe yule aliyesimama juu ya hekalu akakataa kuruka.

Habari yenyewe ya kufufuka haining'inii kwenye mabano hayo. Kaburi tupu lipo kabla ya mstari wa 8, na wengine watatu wanaisimulia pia. Paulo anaitaja katika 1 Wakorintho 15 pamoja na watu waliomwona Yesu, wengine walikuwa bado hai alipoandika. Hilo ndilo swali utakalobaki nalo ukimaliza Marko: huyu aliuawa Ijumaa, je, alifufuka au hakufufuka? Sitakujibia. Nimeshajibu la kwangu.

Ukimaliza Marko ingia Luka. Sura ya 15 ya Luka yupo kijana aliyedai urithi wake baba akiwa hai akaenda nchi ya mbali, na kila nyumba ya Njombe yenye mtoto aliyekwenda Dar es Salaam akanyamaza itaielewa. Kutoka Luka nenda Matendo, maana mwandishi ni yule yule na habari inaendelea. Halafu ndipo urudi Mwanzo. Walawi itakusubiri, haina haraka.

Daftari lako lije na wewe mkutanoni. Baada ya mahubiri huwa tunabaki pembeni ya jukwaa kwa ajili ya maswali mpaka watu wakome, tukiwa na makoti, maana baridi ya huku unaijua. Na kama huna Biblia na simu haina chaji, chukua ile ya bibi pale juu ya kabati. Mwombe ruhusa kwanza.